Rangi, Koki na Kitasa: Kabla Hujalipa Hesabu ya Mwenye Nyumba

Hakuna wakati mbaya wa kujadili fedha kama asubuhi ya kuhama. Kirikuu kimeegeshwa mlangoni, vijana wa kupakia wanataka chao, kitanda kimeshafunguliwa, halafu mwenye nyumba anatokea na karatasi iliyochanwa kwenye daftari: rangi, koki, kitasa, sakafu, usafi. Chini amejumlisha. Wapangaji wengi wa Manundu, Kilole, Chanika au Mkata hulipa papo hapo, au huacha friji kama rehani "kwa muda", na friji hiyo mara nyingi ndiyo imekwenda.

Ugomvi huu huku kwetu una sura yake. Nairobi na Mombasa mpangaji huweka amana mwanzoni, na vita huwa juu ya kurudishiwa. Korogwe na Handeni amana kwa chumba cha kawaida ni nadra. Tunalipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, tunampa dalali chake, tunaingia. Kwa hiyo siku ya kutoka mwenye nyumba hana fedha yako mkononi, isipokuwa kama unaondoka kabla kodi uliyolipa haijaisha. Alichonacho ni geti, mizigo yako iliyo ndani, na aibu ya majirani wanaochungulia. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini anakuja na karatasi siku hiyo na si wiki moja kabla.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi wanadhani haipo. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984, ile iliyokuwa ikimlinda mpangaji waziwazi, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo watu wakaanza kusema mwenye nyumba ndiye sheria. Si kweli. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayohusu pango, na vifungu vyake vya 88 na 89, kama ilivyotungwa, vinaweka ahadi ambazo zinahesabika kuwemo ndani ya pango hata kama hamkuziandika. Mwenye nyumba anaahidi kwamba nyumba au chumba anachokupangisha kinafaa kuishi binadamu siku unapoingia na kitabaki hivyo. Ukipanga sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa chumba na sebule katika nyumba ya wapangaji sita, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu mnazotumia pamoja ni juu yake yeye.

Wewe nawe unaahidi kuirudisha nyumba katika hali uliyoikuta. Hapa ndipo wenye nyumba wanapoishia kusoma. Sentensi inaendelea: mpangaji habanwi na uharibifu uliotokana na uchakavu wa kawaida wa matumizi, wala moto, mafuriko au ajali ambayo haikusababishwa na uzembe wake au wa watu wake, wala radi, dhoruba, tetemeko na majanga mengine ya asili. Kwa mtu aliyepanga mabondeni Korogwe, ambako Mto Pangani ukifura masika maji huingia hadi sebuleni, neno hilo la mafuriko si dogo. Plasta iliyobanduka kwa maji ya mto haikudai wewe chochote.

Kwa hiyo kila mstari wa ile karatasi una maswali mawili tu: kitu hiki kilikuwa katika hali gani nilipoingia, na kimeharibika kwa sababu gani? Ambaye hana jibu la swali la kwanza hawezi kumdai mwenzie. Na kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, anayetaka apewe haki ndiye anayepaswa kuthibitisha. Mwenye nyumba akisema umeharibu, mzigo wa kuonyesha kwamba umeharibu ni wake. Wapangaji wengi hujitwisha mzigo huo bila kutumwa, wakaanza kujitetea kabla hawajaonyeshwa kosa.

Tuichukue karatasi yenyewe. Tuseme ni ya mwalimu aliyekaa miaka mitatu katika nyumba ya vyumba viwili Chanika, Handeni mjini, kwa kodi ya shilingi 80,000 kwa mwezi. Imeandikwa hivi: rangi 220,000, koki mbili 30,000, kitasa cha mlango wa mbele 35,000, fremu ya mlango wa uani 70,000, sakafu ya sebule 90,000, usafi 20,000. Jumla 465,000. Karibu kodi ya miezi sita.

Rangi ndiyo inayopendwa kuliko zote, kwa sababu kila ukuta uliokaliwa miaka mitatu unaonekana umechoka. Vumbi jekundu la Handeni halibishi hodi. Linaingia kwenye nyavu za madirisha na kukaa ukutani kimo cha mgongo wa kochi. Rangi iliyofifia, alama ya mahali palipokuwa na kabati, tundu la msumari wa kalenda, hayo ni maisha. Lakini mtoto akiwa amechora ukuta mzima kwa kalamu ya wino, au umepikia mkaa ndani hadi siling bodi ikawa nyeusi, huo ni uharibifu, kubali. Hata hapo hukubali nyumba nzima. Mtoto wa mwalimu wetu amechora ukuta mmoja. Fundi rangi atasema ukuta huo ni 25,000 pamoja na ndoo na kazi. Na bado kuna hesabu nyingine ambayo wenye nyumba hawaipendi: rangi hiyo ina umri gani? Ikiwa nyumba ilipakwa mwalimu alipoingia, na mmekubaliana rangi ya ndani huishi kama miaka mitano, basi miaka mitatu imeshaliwa kwa kodi aliyolipa. Kilichobaki ni sehemu mbili kati ya tano. Anadaiwa 10,000.

Hesabu hii si ujanja. Sheria yetu ya Mikataba, katika kifungu cha 73, humfidia mtu hasara aliyoipata kutokana na mwenzie kuvunja makubaliano, na aliyekuwa na rangi ya miaka mitatu hajapoteza rangi mpya. Uingereza, ambako tangu Aprili 2007 amana za wapangaji wengi lazima zihifadhiwe katika mpango maalumu, wasuluhishi wa migogoro hiyo hufuata kanuni hiyo hiyo: mwenye nyumba hapewi kipya badala ya kikuukuu. Huku kwetu hakuna mpango kama huo, lakini hesabu ni ile ile, na mwenyekiti wa mtaa mwenye busara huielewa mara moja ukimwekea tarehe mezani.

Koki mbili. Anayeishi Handeni anajua habari ya maji. Mradi wa HTM unaovuta maji Mto Pangani upande wa Korogwe haukuwahi kutosha mji na vijiji, na watu huchanganya: ya bomba yakija, ya kisima chenye chumvi yasipokuja, ya boza mfukoni ikiruhusu. Chumvi hula washa, hula uzi wa koki, huacha ukoko mweupe kwenye bomba la kuogea. Koki iliyoanza kuvuja kwa kuliwa na chumvi ni uchakavu. Koki iliyovunjwa kwa kupigwa na ndoo ni yako. Muombe fundi bomba aifungue mbele yenu wote wawili; washa iliyolika hujionyesha.

Hapa kuna jambo moja linalowaponza wapangaji wema. Umeona koki inavuja, ukafunga kitambaa, ukanyamaza miezi minane ili usimsumbue mzee. Maji yakalainisha ukuta, plasta ikavimba. Sasa si koki tena, ni ukuta, na swali litakuja: kwa nini hukusema? Ukimya unaweza kuhesabiwa uzembe. Sema siku ile ile, kwa meseji, hata kama umeshamwambia kwa mdomo mlipokutana msikitini au gulioni. Meseji ina tarehe.

Kitasa: mwalimu alipoteza ufunguo, akavunja. Hapa alipe, tena bila maneno mengi. Au afanye jambo la nafuu zaidi, anunue kitasa cha aina ile ile na kumwita seremala mwenyewe siku tatu kabla ya kuhama. Bei ya mwenye nyumba kwenye karatasi mara nyingi ina fundi, nauli na hasira ndani yake.

Fremu ya mlango wa uani imeliwa na mchwa. Mpangaji hafugi mchwa. Mbao ambayo haikupakwa dawa kabla ya kujengewa italiwa awepo mpangaji au asiwepo. Sakafu nayo imepasuka kutoka kona hadi kona. Ufa mrefu unaopita chini ya ukuta na kutokea chumba cha pili ni kazi ya msingi na udongo, hasa nyumba zilizojengwa juu ya udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Shimo la duara mahali palipodondoka mtungi wa gesi ni jambo jingine, na jicho la fundi hutofautisha. Usafi alishaufanya mwenyewe, akapiga picha. Mstari umefutika.

Jumla mpya: kitasa 35,000 na ukuta 10,000. Ni 45,000, si 465,000.

Bado sijamaliza na mwalimu huyu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na kwa nyumba ya kupanga mara nyingi huyo ni mpangaji. Kodi yenyewe ni ya mmiliki wa jengo. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na hata kwa kiwango hicho cha mwanzo, miaka mitatu ni 36,000 alizomlipia mwenye nyumba. Kama mita ni yake peke yake na hamkukubaliana vinginevyo, ana haki ya kuziweka mezani. Wenye nyumba huwa hawajaifikiria, na mara nyingi ikitajwa sauti hushuka.

Yote haya yanategemea ushahidi, na ushahidi mzuri hukusanywa siku ya kuingia, wakati mnapendana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba ya kupanga ni mali ya mwenzio uliyokabidhiwa. Kabla ya kuingiza kitanda, pita chumba kwa chumba na simu. Piga picha ya kila ukuta, kila soketi na swichi, kioo chenye ufa, sinki la choo lenye mstari, siling bodi yenye doa la bati linalovuja. Kisha andika karatasi moja ya kawaida: sebule, kuta nne, rangi ya zamani, dirisha la kushoto, kioo kimoja kimepasuka, funguo tatu zimepokelewa. Muombe mwenye nyumba asaini. Wengine watanuna, wakidhani unawatilia shaka. Mwambie unaogopa usije ukasahau ukaleta ugomvi baadaye. Akikataa kabisa, mtumie picha zile kwa WhatsApp na maneno machache: "Mzee, hii ndiyo hali niliyoikuta leo." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe na picha za simu kupokelewa kama ushahidi. Usibadilishe simu bila kuhamisha picha hizo.

Mkataba wa pango la mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kuwa wa mdomo, na ndivyo wengi wanavyoishi. Hata hivyo ukiandikwa usome mstari kwa mstari. Mikataba inayouzwa kwenye steshenari karibu na stendi huwa na kipengele kinachosema mpangaji ataacha nyumba ikiwa imepakwa rangi. Ukisaini hapo, maneno yangu ya juu kuhusu rangi yanapungua nguvu sana. Kikate kwa kalamu kabla ya kusaini, nyote muweke sahihi pembeni. Mkataba ulioandikwa pia una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa nyumba ya 80,000 kwa mwezi ni 9,600. Wengi hawalipi, na wengi hawapati shida mpaka siku wanapoutaka uwe ushahidi, kwa kuwa hati isiyo na stempu inaweza kuwekwa kando hadi ushuru na adhabu vilipwe.

Na wewe uliyeingia miaka miwili iliyopita bila picha hata moja? Piga leo. Tafuta aliyepanga kabla yako, mara nyingi bado yuko mji huo huo. Dalali aliyekupeleka aliiona nyumba. Fundi aliyewahi kuja kutengeneza choo anakumbuka. Hata picha ya sikukuu, watoto wamekaa ukutani, nyuma yao doa lile lile linalodaiwa leo, ni ushahidi wa kutosha kumnyamazisha mtu.

Kuhusu namna ya kusema, sisi si watu wa kuanza na vifungu vya sheria. Nenda jioni, si asubuhi ya mizigo, ukiwa na karatasi yake mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hesabu umeiona?"

"Nimeiona mama, nashukuru. Kitasa ni changu, ufunguo niliupoteza mimi, nitalipa. Ukuta wa chumbani Juma ameuchora, nao sikatai. Haya ya koki na fremu naomba tuyaangalie pamoja na fundi. Unakumbuka mwezi wa nne nilikwambia koki inavuja?"

Anayekubali mawili kati ya sita husikilizwa kwenye yale manne. Anayekataa yote sita huonekana mkorofi hata kama manne ni ya uongo. Mkishakubaliana, mtumie ujumbe usiku ule ule:

"Mama, kama tulivyozungumza leo, nitalipa kitasa na ukuta mmoja wa chumbani, jumla 45,000, tukitoa kodi ya majengo niliyolipa kwenye LUKU 36,000, inabaki 9,000. Koki, fremu na sakafu hazinihusu. Nitakukabidhi funguo tatu Jumamosi saa nne asubuhi mbele ya mjumbe. Kama kuna usichokubali naomba unijibu."

Lipa kwa simu, si mkononi, ili muamala ubaki.

Mambo yakishindikana, anza na mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji pamoja na mtendaji. Hawana mamlaka ya kuhukumu, ila wanamjua mwenye nyumba, na yeye ataishi nao ukishahama. Wengi humalizia hapo. Hatua inayofuata ni baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena uamuzi wa nani kashinda; linasuluhisha tu, likikaa na wajumbe watatu, angalau mmoja wao mwanamke. Kuna watu bado wanatishiwa na karatasi inayoitwa "hukumu ya baraza la kata". Suluhu mliyoikubali wenyewe ni jambo jingine, hiyo inakufunga.

Usuluhishi ukishindikana, baraza linatoa cheti kuonyesha hivyo, na kwa cheti hicho unafungua maombi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda hata bila cheti. Rufaa baada ya hapo huenda Mahakama Kuu, kwa wakazi wa Handeni na Korogwe ikiwa Tanga, ndani ya siku 45. Lugha ni Kiswahili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao watakusaidia kuandika maombi bila malipo. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii katika halmashauri yako. Ukiletewa wito na upande wa pili, nenda. Shauri husikilizwa hata usipokuwepo, na hesabu itakayopita ni ile ya 465,000.

Polisi je? Wenye nyumba hupenda kutishia kwamba watafungua kesi ya kuharibu mali. Kosa hilo katika Kanuni ya Adhabu linataka mtu awe ameharibu kwa makusudi na isivyo halali. Sinki lililopasuka kwa bahati mbaya ni deni la kujadiliwa. Ukiitwa kituoni nenda kwa heshima na ueleze kwamba ni mgogoro wa pango, na kwamba mmeshaanza kuuzungumza kwa mtendaji. Hapo ndipo karatasi ya mtendaji yenye muhuri inapofaa.

Akifunga geti mizigo ikiwa ndani, usivunje kufuli. Ukivunja, kosa la makusudi litakuwa lako. Mpigie mtendaji, aje, muorodheshe kilicho ndani mbele ya mashahidi, na yeye asaini. Mtu aliyezuia mali akishaona orodha yenye friji, televisheni na magunia mawili ya mahindi ya mtu mwingine, na jina lake chini kama anayeyatunza, huanza kutafuta ufunguo.

Pima pia gharama. Ukishahamishiwa Lushoto au Kilindi, kurudi mara tatu kwa ajili ya 20,000 ni kuwatajirisha wenye mabasi. Kiasi kidogo unachoona si haki unaweza kukilipa ukaandika kwenye ujumbe kwamba umelipa ili upate kuhama, bila kukubali kwamba ulikiharibu. Kikubwa usikilipe kwa haraka. Na kwa hali yoyote, funguo zikabidhi mbele ya mtu wa tatu na uandike saa na tarehe, kwa kuwa mpangaji anayeondoka na funguo mfukoni huweza kudaiwa kodi ya mwezi unaofuata, na huo utakuwa mstari mpya kabisa kwenye ile karatasi.